Meli isiyo na mbao: SS United States ilijengwaje, na kwa nini Wamarekani wanaizamisha

Ile video ya meli kubwa yenye kutu ikikokotwa na matagi, zile boti ndogo za kuvuta meli, kutoka Philadelphia ilinifikia mara nne ndani ya siku mbili, na kila mara ilikuja na maelezo mapya. Mmoja aliandika kwamba ni pacha wa Titanic. Mwingine akasema Wamarekani wameiuza kama chuma chakavu. Wa tatu alikuwa na hasira: inakuwaje watu wazima na akili zao wazamishe meli inayoelea, wakati wengine tunabanana kwenye boti? Wa nne alikuwa mjomba wangu, fundi boti wa Pangani. Yeye hakuandika kitu. Alituma sauti ya sekunde saba: "Mjomba, nimeambiwa hiyo meli haina mbao. Hiyo si meli, hiyo ni sufuria."

Kati ya wote wanne, mjomba ndiye aliyekaribia ukweli.

Meli yenyewe inaitwa SS United States. Haina undugu na Titanic, maana Titanic ilizama mwaka 1912, na hii iliingia kazini Julai 1952. Titanic ilijengwa Belfast na hii ilijengwa Newport News, jimbo la Virginia. Wanachofanana ni kazi tu, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo, kwa hiyo tuanze hapo.

Zile meli nyeupe ndefu kama ghorofa zinazotia nanga Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam ni meli za utalii. Abiria wake hawaendi popote hasa. Wanazunguka, wanakula, wanapiga picha, kisha wanarudi walikotoka. Meli ya namna hiyo ikisikia dhoruba iko mbele, inageuza njia. SS United States ilikuwa meli ya ratiba. Ilibeba watu wenye safari, wahamiaji, wafanyabiashara, familia na mizigo ya barua kati ya New York na Ulaya, na siku ya kuondoka ikifika inaondoka, bahari ikitaka isitake. Tofauti yake ni kama basi la Arusha linalong'oa nanga alfajiri na basi la kukodi la harusi. Wazee wa Mombasa na Unguja hawahitaji kuelezwa hili, kwa sababu wanazikumbuka Kampala na Karanja, meli zilizokuwa zikienda na kurudi Bombay kwa ratiba inayojulikana.

Kazi hiyo ndiyo inayoamua umbo. Meli ya ratiba ina omo, yaani pua ya mbele, iliyochongoka ili ikate mawimbi, tumbo lake limezama chini zaidi, na mabati yake ni mazito kuliko ya meli ya utalii. Haina roshani kila chumba, kwa kuwa Atlantiki ya Kaskazini mwezi Januari si mahali pa kukaa roshani.

Sasa ukubwa wake. SS United States ina urefu wa takriban mita 302. MV Mwanza, inayotambiwa Ziwa Viktoria, ina mita 92.6. Zipange MV Mwanza tatu kwa foleni, bado hujaifikia. Upana wake ni kama mita 31, na hapo kuna siri ndogo: malango ya zamani ya mfereji wa Panama yalikuwa na upana wa mita 33.5. Meli hii haikuwa na abiria wa kuwapeleka Pasifiki. Kwa nini basi ipimwe ili ipenye Panama? Shika swali hilo, nitalirudia.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu tani. Ukisoma kwamba meli ilikuwa na tani 53,300 utadhani huo ndio uzito wake. Sivyo. Tani hizo za usajili hupima nafasi iliyo ndani ya meli, na tani moja ni sawa na mita za ujazo 2.83, pungufu kidogo ya tangi la plastiki la lita 3,000 linalokaa juu ya nyumba. Kwa hiyo unaposikia kwamba Queen Mary ya Waingereza ilikuwa na tani zaidi ya 80,000, umeambiwa ilikuwa na nafasi kubwa zaidi. Hujaambiwa ilikuwa nzito kiasi gani.

Haya, turudi Panama. Ufunguo wa meli nzima ni swali moja ambalo maelezo mengi hulipitia haraka: nani alilipa?

Katika Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilizigeuza Queen Mary na Queen Elizabeth kuwa meli za askari. Julai 1943, Queen Mary ilivuka Atlantiki ikiwa na watu 16,683 katika safari moja. Ilikwenda bila msafara wa manowari kuilinda, kwa sababu mlinzi wake mkuu alikuwa mbio zake. Nyambizi ya wakati ule ikiwa chini ya maji haikufika hata noti 10, na ikiibuka juu ilikwenda noti 17 au 18. (Noti hii si ya pesa: ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.85.) Meli inayokimbia noti 30 nyambizi haiwezi kuifukuza. Labda bahati iikutanishe nayo.

Wamarekani waliliona hilo na wakaona pia kwamba wao hawana chombo kama hicho. Vita ilipokwisha, serikali ilikubali kugharamia sehemu kubwa ya meli mpya ya abiria: iligharimu karibu dola milioni 78, na takriban milioni 50 kati ya hizo zilitoka serikalini. Sharti lilikuwa kwamba vita ikizuka, meli ibadilishwe haraka na kubeba askari wapatao 14,000. Ndiyo maana ilipaswa kupenya Panama. Askari huenda wakahitajika upande wa pili wa dunia.

Kwa hiyo sura ilikuwa ya meli ya anasa, ila mifupa ilikuwa ya jeshi la majini. Ukilishika hilo, kila kitu cha ajabu ndani yake kinapata maelezo.

Aliyeichora ni William Francis Gibbs, mtu ambaye chuoni alisomea sheria na mambo ya meli akajifunza mwenyewe. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1886, na akiwa na miaka minane alishuhudia meli ya St. Louis ikishushwa majini katika mji huohuo. Toka siku hiyo hakupona. Ofisi yake ilichora sehemu kubwa ya meli za Marekani za wakati wa vita, lakini aliyoitaka moyoni ilikuwa hii.

Mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, ulilazwa Februari 1950. Meli nyingi kubwa za zamani zilijengwa kwenye mteremko, kisha zikaachiwa ziteleze majini huku watu wakishangilia. Hii ilijengwa ndani ya chelezo kavu, yaani shimo kubwa la kando ya maji linalokaushwa, na ilipofika Juni 1951 maji yakafunguliwa yaingie, ikaelea. Njia hiyo ilikuwa na faida nyingine: hakuna aliyeona tumbo lake. Umbo la chini ya maji na rafadha zake, zile feni za nyuma zinazoisukuma meli, vilikuwa siri ya serikali.

Rafadha zilikuwa nne. Mbili za nje zilikuwa na mapanga manne, mbili za ndani mapanga matano. Hesabu hizo hazikuja kwa bahati. Rafadha ikizunguka kwa kasi mno huzaa mapovu yanayopasuka kwenye chuma, yanakila polepole na kuitetemesha meli nzima, na kuchanganya idadi ya mapanga kulipunguza tatizo hilo. Miongoni mwa waliopiga hesabu hizo ni mhandisi Elaine Kaplan, katika enzi ambayo mwanamke kwenye ofisi ya wachora meli alikuwa akitafutwa apige taipu.

Mashine zilizozizungusha zilikuwa za mvuke. Hapa hakuna uchawi. Ukichemsha maji kwenye sufuria iliyofunikwa, kifuniko kinarukaruka kwa sababu mvuke unatafuta pa kutokea. Uubane mvuke huo sana, uuachie kwenye bomba jembamba ukapige gurudumu lenye mapanga mengi kama ya feni, na gurudumu litazunguka kwa kasi ya kutisha. Hiyo ndiyo tabo ya mvuke. Giya zinapunguza mzunguko huo, kisha nguvu inakwenda kwenye rafadha. Matangi ya kuchemshia yalikuwa manane, na nguvu iliyopatikana ilifika farasi 240,000. Ni kama kufunga kamba magari madogo 2,400 ya farasi mia mia na kuyaambia yavute pamoja.

Na mitambo hiyo haikukaa chumba kimoja. Ilikuwa na vyumba viwili vya mashine vilivyotenganishwa, ili torpedo likiua kimoja, kingine kiendelee. Mwenye nyumba ya kawaida hajengi majiko mawili kwa kuogopa moja litalipuliwa. Hapo ndipo unapoona mkono wa jeshi.

Hivyohivyo kwa tumbo la meli. Liligawanywa kwa kuta za chuma zisizopitisha maji, mfano wa trei ya barafu: ukitoboa kijumba kimoja, maji yanabaki humo. Titanic nayo ilikuwa na kuta hizo, na bado kuna wanaosema kuta zenyewe ndizo zilizoizamisha. Kuta hazikuwa na kosa hilo. Kosa lilikuwa kwamba hazikupanda juu vya kutosha, na vijumba vingi mno vilitoboka kwa pamoja, omo ikainama na maji yakamwagikia kijumba kinachofuata, kama unavyoinamisha trei. Gibbs aligawa vijumba vingi zaidi na akapandisha kuta.

Lakini Gibbs hakuogopa maji kama alivyoogopa moto. Alikuwa na sababu. Mwaka 1934 meli ya Morro Castle iliungua karibu na pwani ya New Jersey, zaidi ya watu 130 wakafa. Ndani ilikuwa imejaa mbao zilizong'arishwa kwa vanishi. Februari 1942 Normandie ya Wafaransa, ambayo wengi wanaiona meli nzuri kuliko zote zilizowahi kujengwa, iliungua bandarini New York ikigeuzwa meli ya askari. Cheche za fundi zilidondokea rundo la maboya ya kujiokolea. Wazimamoto walimwaga maji mengi kiasi kwamba meli ililemewa upande mmoja, ikalala. Ililala palepale gatini, katikati ya mji.

Jibu la Gibbs lilikuwa kupiga marufuku kila kinachoungua. Samani zilikuwa za alumini. Mapazia na vitambaa vya viti vilikuwa vya nyuzi za kioo au vimetibiwa visishike moto. Fungua kabati la chumba cha daraja la kwanza na hata vitundikio vya nguo ni vya alumini. Unavisikia vikigongana meli ikiyumba. Mbao ziliruhusiwa sehemu mbili tu zinazotajwa kila mara: magogo ya kukatia nyama jikoni, na piano. Gibbs alitaka piano nayo iwe ya alumini. Watengenezaji wakamletea ya mkangazi maalumu, wakaimwagia petroli mbele ya watu na kuiwasha. Petroli ikaungua ikaisha, mbao haikushika moto. Ndipo piano ikaruhusiwa kupanda.

Nilimtumia mjomba kisa hicho. Akajibu kwamba piano si sehemu ya meli, kwa hiyo hoja yake iko palepale.

Na sufuria yake? Sehemu yote ya juu ya meli, yaani sitaha za abiria pamoja na dohani mbili kubwa za kutolea moshi zilizolala nyuma kidogo, ilijengwa kwa alumini, metali ileile ya sufuria zetu. Kwa ujazo uleule, alumini ina takriban theluthi moja ya uzito wa chuma cha kawaida. Anayebeba mzigo kichwani anajua: mzigo wa juu ukiwa mwepesi huyumbi. Kuwa mwepesi juu kulimruhusu Gibbs aijenge meli nyembamba, yenye kasi, inayopenya Panama, bila kuhofia itapinduka. Wakati ule hakuna jengo wala chombo duniani kilichokuwa kimetumia alumini nyingi kiasi hicho.

Wapo wanaodhani alumini haishiki kutu, basi meli ya alumini haina matatizo. Ngoja uikutanishe na chuma kwenye maji ya chumvi. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya chumvi zinakuwa betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana kwenye mpaka wa chuma cha chini na alumini ya juu ilibidi kuweka kitu cha kuzitenganisha, mshono kwa mshono, meli nzima.

Je, ilikuwa ya anasa kweli? Ilikuwa na madaraja matatu, bwawa la kuogelea, majumba ya sinema, kiyoyozi meli nzima, jambo ambalo mwaka 1952 lilikuwa jipya. Ilibeba abiria wapatao 1,900 na wafanyakazi karibu 900. Ila nitasema wazi: ukitazama picha zake kando ya za Queen Mary, iliyojaa mbao za aina zaidi ya hamsini, ile ya Waingereza ni sebule ya tajiri na hii ni ukumbi wa kiwanja kizuri cha ndege. Wapo waliopenda usafi wake. Wapo waliosema ina ubaridi wa hospitali. Mimi ningelala Queen Mary na kusafiri na hii.

Maana kwa mbio haikuwa na mpinzani. Iliondoka New York tarehe 3 Julai 1952 na kuvuka kwenda Uingereza kwa siku 3, saa 10 na dakika 40, wastani wa noti 35.59, ikiipunguzia Queen Mary rekodi kwa takriban saa kumi. Hiyo ni karibu kilomita 66 kwa saa. Kwa mwendo huo Dar es Salaam hadi Unguja ni saa moja na dakika chache, ukiwa umekaa kwenye jumba la ghorofa. Na hapo ilikuwa haijakimbia kweli. Kwenye majaribio ilifika noti 38.32, na takwimu hiyo ilifichwa kwa miaka mingi. Hakuna meli kubwa ya ratiba iliyowahi kuipiku tangu hapo.

Iliyoimaliza haikuwa meli. Oktoba 1958 ndege za jeti zilianza kubeba abiria kati ya New York na Ulaya, na siku tatu na nusu zikageuka saa chache. Unaweza kuwa na farasi 240,000, lakini mwenye mkutano London hatakusubiri. Meli iliendelea kwa ruzuku ya serikali mpaka Novemba 1969, ilipokuwa Newport News kwa matengenezo ya kawaida. Safari zikasitishwa. Milango ikafungwa na kila kitu ndani, samani, vyombo, hata sare za wafanyakazi. Ile vita iliyojengewa haikuiita kamwe. Haikubeba kikosi hata kimoja kwenda vitani.

Kuanzia hapa hadithi ni ya madalali. Mwaka 1984 vitu vya ndani viliuzwa kwa mnada, mpaka vile vitundikio vya alumini. Kisha likaja deni la ule uoga wa moto: meli ilikuwa imejaa asbesto, kinga nzuri ya moto na sumu mbaya ya mapafu. Ikakokotwa hadi Uturuki, kisha Sevastopol nchini Ukraine, ambako asbesto ilitolewa na kuta za vyumba zikaondoka nayo. Kilichorudi Marekani kilikuwa ganda. Mwaka 1996 ganda hilo lilifungwa gatini Philadelphia, mji aliozaliwa Gibbs, na likakaa huko karibu miaka thelathini, likionekana kutoka kwenye mgahawa wa duka la samani la IKEA ng'ambo ya barabara.

Hapa ndipo pa kumjibu yule mwenye hasira. "Inaelea" haina maana "inafaa". Haina vyumba, umeme wala mabomba yanayotumika, na mashine zake ni za mafuta ya bei ya 1952. Mwaka 2016 kampuni ya Crystal Cruises ilitangaza nia ya kuifufua, ikapima, na kabla mwaka haujaisha ikaachana nayo. Shirika la hisani lililoinunua mwaka 2011 liliingia kwenye mgogoro wa kodi ya gati, na mwaka 2024 mahakama ikaamuru meli iondoke. Zilibaki njia mbili, kukatwakatwa au kuzamishwa kwa mpango. Kaunti ya Okaloosa, Florida, ikainunua, na Februari 2025 matagi yakaianzishia safari ya Mobile, Alabama, ikaandaliwe.

Kuzamisha kwa mpango si kutupa taka baharini, ingawa hofu hiyo ni ya haki. Mafuta, nyaya, plastiki, rangi inayobanduka na kemikali zenye sumu vinatolewa kwanza. Sehemu kubwa ya chini ya bahari upande ule ni mchanga mtupu, na mvuvi yeyote anajua samaki hawapangi nyumba kwenye mchanga. Chuma kikikaa chini, viumbe vidogo vinakishika, vinavyovila vinafuata, na wavuvi na wapiga mbizi wanakuja nyuma yao na pesa zao. Hata sisi tumelifanya kwa kiasi chetu: MV Dania ilizamishwa makusudi karibu na Mombasa mwaka 2002, na wapiga mbizi wanaitembelea. Marekani wenyewe waliizamisha manowari ya kubebea ndege, Oriskany, mwaka 2006. SS United States imepangiwa kina cha takriban mita 55, isimame wima, iwe mwamba bandia mkubwa kuliko wote. Dohani zake zimetengwa kwa ajili ya makumbusho nchi kavu.

Ili isimame wima, maji lazima yaingie kote kwa kipimo, la sivyo italala kama Normandie. Kwa hiyo kazi kubwa ya mafundi ni kukata matundu kwenye zile kuta ambazo Gibbs alizipandisha juu, kijumba baada ya kijumba.

Mjomba nilipomweleza hayo alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akauliza huko Florida watapata nini zaidi, changu au chewa.